Shimo la Nguzo ya Kwanza

Kuna somo moja la Kiingereza ambalo silipendi tena. Nalifundisha kwa sababu limo kwenye silabasi, na kwa sababu sijaajiriwa kufundisha ninayoyapenda. Ni lile la sentensi zinazoanza na neno *having*. Wanafunzi wangu wa Kegonga, huku karibu na mpaka wa Tanzania, huliogopa kwa sababu ni gumu. Mimi naliogopa kwa sababu nyingine, na sababu yenyewe bado sijaielewa vizuri, ndiyo maana nimekaa hapa kuiandika.

Nianze na somo lenyewe, maana bila hilo mengine hayatashikana. Ukisema kwa Kiingereza *having eaten*, umesema kuna kula kulikokwisha kabla ya jambo jingine kuanza. Kisha unaweka mkato. Mara tu baada ya mkato unamtaja yule aliyekula, na hapo usikosee, kwa sababu yeyote utakayemweka pale atabebeshwa tendo lile la kwanza, apende asipende. Sisi kwa Kiswahili hatuna shida hiyo. Kitenzi chetu humbeba mtu wake mgongoni: alipokwisha kula, nilipokwisha kula, walipokwisha. Mtu hapotei. Kiingereza humficha nyuma ya mkato, na wanafunzi wangu wakifika pale humweka yeyote anayepita.

Msichana mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniandikia, *Having cooked the ugali, my father ate it.* Alitaka kusema kwamba yeye alipika ugali, baba akala. Nikaisoma mbele ya darasa, nikauliza, "Nani amepika hapa?" Nikawaambia kwamba kwa Kiingereza hiki, baba ndiye aliyesonga ugali. Lo! Darasa zima la watoto wa Kikuria likavunjika mbavu. Baba jikoni! Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Tichaa, huyo baba si wa huku. Labda ni wa ng'ambo ya mpaka." Nilicheka nao mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Siku hizo nilikuwa nalipenda somo hilo kuliko yote.

Mimi si Mkuria. Kwetu ni upande wa Mbita, na nyumbani tunazungumza Kijaluo, ingawa maneno yetu hapa nayaweka kwa Kiswahili. Tulizaliwa wanaume wawili, kaka yangu na mimi, na yeye ananizidi miaka minane. Kwetu mkubwa hutangulia. Hutangulia kupanda, hutangulia kuoa, na zaidi ya yote hutangulia kujenga. Mwana wa kiume hujenga nyumba yake ndani ya boma la baba, upande wake uliopangwa, na mdogo hagusi ardhi kabla mkubwa hajasimamisha yake. Mdogo akitangulia amemruka kaka yake, na anayemruka kaka yake huleta chira, ule mkosi wa kumkausha mtu huku dawa za hospitali zikimtazama tu. Nina digrii, na nimeisoma biolojia. Lakini mtu akitaja chira mbele yangu naangalia chini, sijui kwa nini.

Kitu kingine: mwana aliyeoa halali na mkewe ndani ya nyumba ya mama yake. Hilo halina mjadala. Sasa fikiria, mimi na mke wangu tulikaa miaka tisa ya ndoa bila nyumba nyumbani. Tukienda kumwona mama, jua likianza kushuka tunaaga, tunakwenda kulala gesti mjini Mbita, kama wafanyabiashara. Mke wangu hakuwahi kuwasha moto wake mwenyewe katika boma la mume wake. Mama alizoea kumwita "mgeni wangu". Ulikuwa utani, lakini utani ukirudiwa miaka tisa hauchekeshi tena.

Na sikuweza kujenga kwa sababu kaka alikuwa hajajenga.

Kaka ni fundi wa pikipiki mjini Homa Bay. Si kwamba alishindwa kujenga, la. Alikatazwa na baba, na baba ameshakufa. Baba alipougua mara ya mwisho, kaka alikuwa kidato cha tatu, mimi mtoto wa miaka kumi. Baba alimwita kando ya kitanda, mama akiwepo, mimi nimekaa sakafuni, akamwambia, "Maliza shule kwanza, ndipo ujenge." Wiki hiyohiyo tukamzika. Kaka hakurudi shule. Alikwenda Homa Bay akashika spana, na spana hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi mpaka chuo kikuu. Kwa hiyo nikamaliza shule mimi, mdogo. Ukiniuliza mambo yalianza kupinda wapi, nafikiri ni hapo. Lakini nimeshafikiri hivyo mara nyingi, na kila mara napata pahali pengine.

Wajomba walimbembeleza sana. Wapo wengi wanaofanya hivi: mkubwa asiye tayari huweka kibanda cha siku moja, fito na mabati matatu, analala humo na mkewe usiku mmoja, basi njia ya mdogo imefunguka. "Weka hata kibanda, mdogo wako apite," walimwambia. Kaka akawajibu, "Baba hakusema kibanda. Alisema shule." Wakanywa chai yao, wakaenda zao.

Halafu, mwaka alioingia miaka arobaini na minne, alinipigia simu. "Omera," akasema, yaani ndugu yangu, na ukimsikia kaka akianza hivyo ujue ameshaamua, "nimejiandikisha mtihani wa kidato cha nne. Nafanya peke yangu, kama mtahiniwa wa nje, kwenye shule moja hapa Homa Bay. Nikipata cheti mwezi wa kwanza, wa pili najenga, wa tatu unajenga wewe." Nilikuwa stafurumu. Nilitoka nje nisionekane nikilia. Alitaka kile cheti zaidi ya chochote nilichowahi kumwona akitaka, na hakukitaka kwa ajili ya kazi. Alitaka kuiingia nyumba yake kwa mlango alioambiwa na baba.

Tatizo lake lilikuwa Kiingereza. Hesabu anazo, fizikia yeye ndiye anayeishika kila siku kwa mikono. Basi nikawa nakwenda kwake Jumapili, maana Jumamosi yeye na familia yake wako kanisani, ni Waadventista. Tulikaa gerejini chini ya mabati, kati ya matairi, daftari limelala juu ya boksi la vipuri. Mara ya kwanza nilipomwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, niliiandika ndogo kabisa. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikiandika herufi ya kwanza maishani mwangu. Alinitazama, akacheka. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Haya niambie, hapa mkuu ni nani?" Nikajifanya natafuta kifuniko cha kalamu.

Na ni *having* iliyotutoa jasho. Wiki ya tatu aliandika, *Having repaired the motorcycle, the customer ran away.* Nikamwambia, "Kaka, hapa umesema mteja ndiye aliyetengeneza pikipiki."

"Mteja? Mteja anajua nini?"

"Ndivyo sentensi inavyosema."

"Kwa hiyo Mwingereza akisoma hapa, hajui fundi ni nani na mteja ni nani?"

"Yeye anajua. Sentensi ndiyo haijui."

"Basi sentensi ni mjinga," akasema kaka, akaifuta. Lakini aliifuta, hicho ndicho kilichonipa moyo.

Jumapili nyingine akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanizunguka. "Na kama aliyefanya la kwanza si aliyefanya la pili? Mimi niliacha shule, wewe ukamaliza. Hiyo *having* yako inaandikwaje?"

Nikafikiri. Ipo njia, lakini ni ya vitabu vya zamani, nikaona nitamchanganya bure. "Hapo *having* haifai," nikamwambia. "Ni watu wawili."

"Sisi si wawili," akasema. "Sisi ni wa mama mmoja."

Nikasema tuendelee na zoezi la nne. Niliogopa kumchanganya yeye, kumbe aliyechanganyikiwa ni mimi. Usiku wote nilikuwa nageuza swali lile.

Alipanda polepole. Mwezi wa saba alipata nne kwa kumi, wa tisa saba, wa kumi akapata tisa na akaliweka daftari mahali mkewe alione. Insha zake zilikuwa za mtu mzima, za kweli, zenye harufu ya oili. Nilianza kuamini. Nilimwambia mke wangu, "Mwaka ujao utapika kwetu." Akanijibu, "Nitaamini nikiona moshi."

Ndipo mama akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, tukampeleka kwa daktari akasema ni moyo, apumzike, ameze dawa, asibebe maji. Nilikaa naye jioni moja kwenye benchi mlangoni pake. Akaitazama ile sehemu ya boma, kulia kwa lango, mahali pa nyumba ya mwana wa kwanza, pameota nyasi miaka yote hiyo.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "mimi nitaona mlango wa nani?"

"Mwezi wa pili, mama. Bado kidogo tu."

"Mwezi wa pili uko mbali kwa miguu hii."

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kwenda mbio. Mtihani ulikuwa umeanza, shule zimefungwa kwa wanafunzi wengine, nami niko huru. Kaka alikuwa ameshafanya karatasi mbili za Kiingereza, na alisema hazikuwa mbaya. Ilibaki ya tatu, ile ya insha, Jumatano asubuhi, ndiyo ya mwisho kwake kabisa. Nikajiambia: nitaandaa kila kitu. Nguzo, fito, misumari, mabati. Akimaliza karatasi yake ya mwisho aje tu asimamishe. Hata matokeo yangoje, shule si itakuwa imekwisha? Sijengi mimi, naandaa. Sikumwambia, nisimtoe kwenye vitabu. Naapa hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu. Angalau naikumbuka hivyo.

Nikamleta fundi wa nyumba kutoka Ndhiwa, mzee mwembamba mwenye maneno machache. Jumanne mchana tulikuwa tumeshafyeka nyasi na kupima. Fundi akapiga vigingi vinne, akafunga kamba, halafu akakaa chini juu ya nguzo, akawasha sigara.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Namngoja mwenye nyumba achimbe shimo la nguzo ya kwanza."

"Mwenye nyumba yuko kwenye mtihani. Wewe chimba."

"Mimi? Mimi ni fundi, Mwalimu. Shimo la kwanza si langu."

"Basi tufanyeje?"

"Tungoje. Lakini ujue Ijumaa nina kazi Rongo. Nikienda huko, nirudi lini, sijui."

Jua lilikuwa kali. Mama alikuwa amekaa mlangoni anatutazama, miguu yake ameiweka juu ya kigoda, imejaa mpaka ngozi inang'aa. Nilikuwa naiangalia ile miguu. Nikaona wazo zuri kabisa, na mpaka sasa nashangaa lilivyokuwa linang'aa: mwalimu akimshika mwanafunzi mkono ili aandike herufi, herufi si ya mwanafunzi? Ni ya mwanafunzi! Nikachukua mtaimbo. Nikachimba. Ardhi ilikuwa laini baada ya mvua, shimo likafika kina cha kiwiko upesi sana. Nilichota udongo kwa mikono. Nilisikia raha, sitadanganya. Miaka tisa nilikuwa naitamani ardhi ile.

Nilipoinua kichwa, fundi alikuwa amevua kofia na anaangalia upande wa ziwa.

"Umeanza, Mwalimu," akasema.

"Nimeanza kwa niaba yake."

"Shimo halina niaba." Akakusanya vyombo vyake taratibu, kimoja kimoja. "Haraka haraka haina baraka. Nitakuja asubuhi, tuone."

Nikageuka kwa mama. Aliomba maji, nikampa, akanywa nusu, akaingia ndani akishikilia ukuta. Nikabaki nimesimama pale na udongo kwenye kucha. Nilifikiri kulifukia. Lakini nikajiuliza, kufukia nako si kutenda jingine juu ya lile la kwanza? Nitakuwa nimefukia nyumba ya kaka? Kila nilichofikiria kilikuwa na mkosi wake. Mwisho nikalifunika na kipande cha mabati, nikaweka jiwe juu, nikaenda kulala gesti kama kawaida yangu.

Asubuhi nilinunua mkate na maziwa. Nilifika nyumbani yapata saa tatu, na kitu cha kwanza nilichokiona langoni kilikuwa pikipiki ya kaka.

Karatasi ya insha ilianza saa mbili. Niliangalia saa ya simu, nikaiangalia tena. Nikaona kwenye ua wa mnyaa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ule ambao watahiniwa huruhusiwa kuingia nao, umetundikwa kwenye tawi. Ndani mna kalamu mbili mpya za bluu na kitambulisho chake. Na yeye mwenyewe alikuwa pale kulia kwa lango, suruali nyeusi yenye mkunjo wa pasi, shati jeupe mikono imekunjwa, anachimba. Shimo langu alikuwa ameshalifukia na kulishindilia. Lake lilikuwa hatua moja kando.

"Kaka," nikasema. "Mtihani."

"Nipe hicho kikopo," akasema.

Nikampa kikopo. Akachota udongo.

"Kaka, mtihani! Umeanza saa mbili!"

"Najua ulianza saa ngapi."

"Panda pikipiki. Labda watakuruhusu kuingia, nitakuja nizungumze nao, mimi ni mwalimu, wata..."

"Hawataruhusu," akasema. "Umechelewa nusu saa, umechelewa. Wewe si ndiye uliyeniambia?" Ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia, nikimsisitiza awahi.

Nikakaa chini na mkate wangu. Alieleza huku anachimba, bila kunitazama. Mama alimpigia saa kumi na moja alfajiri, kwa ile kabambe yake, simu ndogo ya vitufe. Hakulala usiku huo. Akamwambia, "Mdogo wako amechimba. Kama ningekwenda usiku huu, mngenizika na shimo la mdogo limetangulia." Halafu akalia. Kaka alikuwa ameshaoga, amevaa, chai iko mezani.

"Ungefanya karatasi kwanza," nikasema. "Ni muda wa saa mbili na nusu tu, kaka. Ungefanya, halafu ukaja mchana. Shimo lingekimbilia wapi?"

Akasimama, mtaimbo mkononi. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Mama analia kwenye simu," akasema. "Wewe ungeandika insha gani?"

Mama alikuwa mlangoni, amejifunika kanga mpaka kichwani, anatutazama wote wawili. Nikainuka nimsaidie kaka, akaninyooshea mkono nisisogee. "Ngoja," akasema. "Nikimaliza ndipo ushike." Fundi alipofika akaangalia shimo lile jipya, akamsalimia kaka kwa mikono miwili, akavaa kofia yake, kazi ikaanza.

Nyumba ilisimama kwa siku nne, fundi akaahirisha safari yake ya Rongo. Kaka na mkewe wakalala humo. Wiki mbili baadaye nikajenga yangu, upande wa kushoto, na hakuna aliyenizuia, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa kimekwenda kwa utaratibu. Mke wangu akawasha moto. Mama akaletewa samaki na ugali kutoka jiko la mkwewe, akala, akaramba vidole, akasema, "Huyu si mgeni tena." Wote walifurahi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, naangalia mahali shimo langu lilipofukiwa.

Sasa sikiliza jambo linaloniumiza zaidi. Mama hakufa. Daktari alimbadilishia dawa, uvimbe ukashuka, na mwezi wa pili ulipofika alikuwa anatembea mwenyewe mpaka sokoni na kurudi, akibishana na wauza dagaa wa omena njiani. Yuko mzima mpaka leo, Mungu ashukuriwe, na nashukuru kweli kweli. Lakini muda ulikuwepo. Muda wote niliouogopa kwamba haupo, ulikuwepo.

Matokeo yalipotoka, fizikia alipata vizuri, hesabu vizuri sana. Kwenye Kiingereza paliandikwa ile herufi ya kuonyesha kwamba mtahiniwa hakuwepo, na Kiingereza ni lazima, ukikikosa huna daraja lolote. Nilimwambia ajiandikishe tena, nitasimamia kila kitu. Akakataa. "Baba alisema shule kwanza, ndipo nijenge," akasema. "Nimeshajenga. Nikisoma sasa, nasoma kwa amri ya nani?" Nikasema baba angeelewa. Akasema, "Labda. Nenda kamuulize."

Nimejaribu kumtafuta mwenye kosa. Siku nyingine nasema ni mama, kwa nini apige simu alfajiri ile na si jioni ya Jumanne, ambapo ningeweza kusema naye? Siku nyingine nasema ni fundi, angengoja tu bila kunitishia na Rongo yake. Kuna siku mbaya ninazomshuku kaka: labda aliiogopa karatasi ile, labda simu ya mama ilikuwa mlango wa kutokea. Naona haya kuandika hivyo. Halafu najiuliza mimi mwenyewe. Mikono yangu ilijua kilichokatazwa tangu nikiwa mtoto. Ilichimba kwa ajili yake, au ilichimba kwa ajili yangu na mimi nikaitafutia maneno? Mke wangu husema, "Maji yakimwagika hayazoleki, acha kujichokonoa." Hakuna anayenilaumu. Wajomba husema kwa fahari kwamba kaka alijua la kufanya, mkubwa ni jalala, hubeba yote. Kwenye vikao mimi huitikia kwa kichwa na sijui naitikia nini.

Mwezi wa nne nilikwenda nyumbani, nikamkuta kaka anapaka rangi mlango wake, rangi ya samawati iliyobaki gerejini. Aliniambia kuna vitabu vyangu ndani ya boksi, nichukue, watoto wa Kegonga wanavihitaji zaidi. Kulikuwa na lile daftari la Jumapili. Nikakaa juu ya kitanda chake nikalifungua. Niliona alama zangu nyekundu, nyingi mwanzoni, chache mwishoni. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa na maandishi ambayo sikuwahi kuyaona. Ilikuwa insha, ameandika tarehe ya Jumanne ile, siku niliyokuwa na mtaimbo mkononi. Alikuwa anajipima kabla ya mtihani, alichagua mada yake mwenyewe. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii:

*Having finished school, I went home and built my house.*

Kwamba alipokwisha kumaliza shule, alikwenda nyumbani akajenga nyumba yake. Niliisoma nikiwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Niliikagua kama ninavyokagua za wanafunzi wangu. Tendo la kwanza lipo mahali pake. Mkato upo. Baada ya mkato yupo yeye mwenyewe, si mteja, si baba jikoni, si mimi. Nikatoa kalamu nyekundu mfukoni kwa mazoea, nikaishika, nikashindwa kujua niiweke wapi.

Kivuli kikaziba mlango. Kaka alikuwa amesimama na brashi ya rangi, ameliona daftari.

"Ile sikuwahi kukuonyesha," akasema. "Haya, Mwalimu. Kosa liko wapi?"

"Hakuna kosa, kaka."

Akaichovya brashi kwenye kopo, akarudi kwenye mlango wake.

"Angalia tena," akasema.